USALAMA NA AFYA: Usingizi wa mchana chini ya mabati



Mwaka jana, katika mwezi wa tatu, nilishona kidole cha kijana mmoja wa zamu ya usiku. Jina lake halina faida hapa. Alikuwa akilinda pampu ya maji, akasinzia hali amesimama, na mkono ukagusa ukanda wa mashine. Mungu alimsaidia, kidole kilibaki. Nilipomwuliza alilala saa ngapi mchana ule, alinijibu: «Dokta, nani anaweza kulala ndani ya tanuru?»

Siku ya mapumziko nilikwenda kumwona kwake Mangobo. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, juu mabati matupu bila dari, na dirisha moja dogo linalotazama magharibi. Dirisha hilo limefungwa kwa kuogopa wezi. Ndani, karibu na mlango, mbabula inawaka, sombe iko motoni. Ilikuwa saa nane ya mchana. Sikukaa hata dakika kumi, shati lote likawa maji. Basi nikafahamu kwamba kijana yule si mvivu.

Kwanza tujue joto letu ni la namna gani. Wenzetu wa Lubumbashi, katika mwezi wa kumi, mvua isipofika bado, hutundika nguo mbichi dirishani na chumba kinapoa. Ni kweli, kwa sababu hewa yao wakati ule ni kavu, na maji yanapokauka huchukua joto na kwenda nalo. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, mvua hainyimi mwezi hata mmoja, na hewa imekwisha kujaa maji. Jasho halikauki upesi mwilini. Linachuruzika tu bila kukupoza. Ukitundika nguo mbichi hapa, au ukimwaga maji sakafuni, unaongeza uzito wa hewa bure. Dawa yetu ni mambo mawili: kuzuia jua lisiingie, na kuacha upepo upite.

Adui mkubwa ni bati. Wazee waliolala chini ya majani ya ndele hawakuwa na taabu hii, ila majani yanaoza na yanashika moto, ndiyo maana sote tunataka bati. Bati likipigwa na jua hutupa joto chini kama pasi, hasa likiwa limeshika kutu, maana rangi nyekundu ya kutu inameza jua. Mwenye fedha kidogo apake juu rangi nyeupe ya mabati. Chokaa iache kwa ajili ya kuta, kwa sababu juu ya paa mvua yetu itaiosha mara moja.

Asiye na fedha ya rangi atengeneze dari. Mikeka au matete yaliyofungwa juu ya fito yanatosha. Acha nafasi kati ya dari na bati, kisha toboa matundu juu kabisa katika kuta mbili za kichwa cha nyumba, ili hewa ya moto iliyo katikati itoke. Dari bila matundu hufanya nusu ya kazi tu. Weka wavu kwenye matundu hayo, popo wasihamie. Panya pengine watakuja, hilo silifichi; na taa ya mafuta isikae karibu na matete.

Sasa angalia jua linapita wapi. Kwetu, karibu na tarehe 21 ya mwezi wa tatu na 23 ya mwezi wa tisa, saa sita mchana jua liko juu ya kichwa. Mwaka mzima kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi. Ukuta wa magharibi ndio mbaya zaidi: unakunywa joto alasiri yote, na usiku unalirudisha kitandani mwako. Anayejenga sasa aweke madirisha kaskazini na kusini. Aliyekwisha kujenga asivunje. Afanye kibanda cha miti na majani mbele ya ukuta ule, apandishe maboga juu yake, au apande mipapai, ambayo haichelewi kukua. Mwembe utangojwa miaka, na uupande mbali, matawi yasiangukie paa siku ya dhoruba.

Dirisha moja halileti upepo, kama vile chupa yenye mdomo mmoja. Hewa inataka mahali pa kuingia na mahali pa kutokea. Wezi wapo, mbu wapo, najua. Lakini vyuma na wavu wa mbu vinazuia wote wawili, na upepo unapita. Na chandarua usikiondoe kwa sababu ya joto. Chagua kipana cha pembe nne, kifunge juu mbali na mwili. Malaria unayoleta nyumbani kwa kukosa chandarua itakunyima usingizi kuliko joto.

Mbabula itoke nje, chini ya kibanda. Usiku wa mvua wengine huiingiza ndani na kufunga mlango. Moshi wa makala usioonekana na usionuka huua watu wakiwa wamelala. Si jambo la kubahatisha.

Umeme ukiwapo, feni ndogo hula nguvu kidogo sana kuliko mashine ya kupoza hewa. Lakini feni humpoza mtu, haipozi chumba. Ukitoka, izime.

Watoto wachanga na wazee ndio huzidiwa kwanza. Usimfunike mtoto blanketi kwa sababu ana homa. Mvue nguo, mpe maji au ziwa, kisha mlete dispanseri apimwe malaria. Mtu mzima akiwa na mwili wa moto sana, akaanza kusema maneno yasiyo na maana au kuanguka, mpeleke kivulini, mwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha huku mwingine anakimbilia gari. Asiyejifahamu usimpe kitu kinywani.

Kijana wetu wa Mangobo alifunga dari ya matete kwa siku mbili na shemeji yake, akafungua dirisha la pili upande wa kaskazini, na mbabula ikahamia nje. Mke wake ameweka sheria moja: baba akitoka zamu ya usiku, watoto wanachezea kwa jirani mpaka saa nane. Mara ya mwisho nilipopita kumwangalia kidole, niliambiwa nirudi baadaye, amelala.