Kutoka barabarani mpaka jikoni, nani anabeba?



Juma lililopita wasichana wawili waliingia darasani wakati wenzao walikuwa wamemaliza hesabu. Mikono yao ilikuwa myeusi. Hatukuuliza sana: walikuwa wametumwa kuchukua makala kando ya barabara kubwa.

Makala na mahindi yanatufikia Likasi toka vijiji vya upande wa Kambove na Mulungwishi, samaki toka Kapolowe. Mwendo mrefu tunaujua: ni lori, ao mtu wa kinga anayesukuma magunia tangu usiku, akipishana na malori ya madini kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi. Mwendo mfupi, kutoka barabarani ao sokoni mpaka jikoni kwetu Kikula na Panda, hatuuhesabu. Tunasema “ni hapa tu”. Na hiyo “hapa tu” inabebwa na kichwa cha mama ao shingo ya mtoto. Zamani wafanyakazi wa Gécamines walipewa posho ya unga. Leo kila nyumba inajitafutia meka yake.

Ndugu zetu wa Goma wameiheshimu kazi hii kuliko sisi. Chukudu yao ya mbao haitaki mafuta, haina moshi, inashusha viazi na makala toka milimani, na wameisimamishia sanamu mjini. Sisi mtu wa kinga tunamwita tu: “Weye, kuya!”

Tufanye hesabu kama ubaoni. Tuseme wamama watano wa avenyu moja wananunua kila mmoja gunia la unga la kilo 25, na kila mmoja anakodi kinga peke yake kwa franka 1.500. Ni safari tano, franka 7.500. Wakijiunga, kinga nzuri inabeba magunia matatu, basi safari mbili zinatosha. Wakilipa 2.500 kwa safari, jumla ni 5.000, kila mama 1.000.

Katika mkutano mama mmoja aliuliza: kwa nini tusimlipe 1.500 ile ile? Tulibishana. Kilo 75 si kilo 25, na matope ya mvua hayana huruma. Kinga haitaki mafuta, kweli, lakini anayeisukuma anakula bukari, na mpira unatoboka. Tulipatana kwamba bei ipande pamoja na mzigo. Tena, mwaka jana unga wetu ulilowa, tukamlaumu kijana wa watu, kumbe hatukumpa hata plastiki ya kufunika.

Tunaanza na avenyu tatu za Kikula. Mizigo itashushwa kwa mama mmoja mwenye lupango linalofungwa, mchana, watoto wakiwa masomoni. Kwa Panda na Shituru bado tunatafuta lupango la namna hiyo. Mwenye nafasi atuambie kwenye mkutano ujao, na aje na majirani zake.