Mtoto Wenu Aomba Shahada ya Pili ya Sheria

Wazazi wapenzi, siku alipohitimu mlichinja mbuzi. Majirani walikula, wakaimba, na tangu siku ile wakamwita "Mwanasheria". Sasa, hata miaka mitatu haijapita, amekuja likizo na kusema ataka kuomba kusoma tena. Baba amenyamaza, atazama zizi lake. Mama auliza: "Sheria gani hiyo isiyokwisha?"

Swali la mama ni la haki, tulijibu. Shahada aliyo nayo ni ya kwanza, nayo huandikwa LL.B. Anayoitaka ni ya uzamili, yaani LL.M. Hizo L mbili ni Kilatini: neno la sheria likiwa katika wingi hufupishwa kwa kurudia herufi yake. Basi si sheria moja, ni sheria nyingi; mama hakukosea.

Lakini jueni mapema ya kwamba shahada ya pili haimfanyi mtu wakili. Katika Tanzania atakaye uwakili hupita kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Kama haja ya kijana ni kusimama mahakamani na kutetea watu, naye hajapita huko, aanze huko. LL.M. yamfaa yule atakaye kuchimba jambo moja mpaka chini: ardhi, kodi, madini, haki za binadamu, au atakaye kufundisha.

Mahali pa kuomba ni pengi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja tu, nacho cha sheria, hufundisha shahada hiyo. Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika ya Kusini, tangu mwaka 2000 kina LL.M. ya haki za binadamu na demokrasia katika Afrika. Huchukua wanafunzi kama 30 tu kila mwaka kutoka nchi mbalimbali za bara letu. Uingereza masomo haya huchukua mwaka mmoja, na serikali ya huko hutoa ufadhili uitwao Chevening, ulioanza mwaka 1983. Ufadhili huo wataka mwombaji awe amekwisha kufanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na akimaliza masomo arudi kwao akae miaka miwili. Mzazi anayeogopa mtoto kupotelea Ulaya atatulia kidogo.

Kisha jueni kwamba kuomba chuo na kuomba fedha mara nyingi ni maombi mawili mbalimbali. Wako waliopata nafasi chuoni, wakakaa kungoja fedha ambazo hawakuziomba.

Sasa tuje kwenye barua ya kueleza nia. Hapa ndipo wengi huanguka. Nimepata kusoma barua kadha wa kadha za vijana wetu, na karibu zote huanza hivi: "Tangu utotoni nimependa sana sheria." Mtu aketiye mezani na barua mia mbili kama hiyo atakumbuka ipi? Kijana aandike alichokiona. Nani kijijini hajaona mjane anafukuzwa shambani na shemeji zake kabla matanga hayajaisha? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, na wanawake wasipungue watatu. Tena mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, mabaraza ya kata yakaondolewa uwezo wa kuhukumu kesi za ardhi, yakabaki na kazi ya kusuluhisha. Je, mjane yule apata haki yake upesi zaidi, au azungushwa zaidi? Hilo ni swali la mwanasheria. Kijana aliyekulia penu aweza kuliuliza vizuri kuliko mtu wa mjini. Wala msione haya yeye kuandika habari za kijijini. Ila majina ya watu ayaache.

Barua za wadhamini ni jambo jingine. Najua mtakimbilia kwa Paroko. Barua ya Padre ni njema, nayo yaweza kusaidia mahali panapotakiwa habari za tabia. Lakini chuo chataka kwanza waalimu waliomfundisha sheria, kwa kawaida wawili. Awaombe miezi miwili mbele, awapelekee matokeo yake na barua yake ya nia waisome. Mwalimu aliyeombwa juzi huandika mistari mitatu mikavu.

Kazi yenu ninyi nyumbani ni majina. Msicheke. Mtoto abatizwa Theresia. Mwalimu wa shule ya msingi amwandika Teresia. Kwenye kitambulisho awa Theresa, na jina la babu limechukua nafasi ya jina la baba. Machoni penu ni mtoto yule yule, lakini karani wa ng'ambo aona watu watatu. Fungueni sanduku leo, toeni cheti cha ubatizo, cha kuzaliwa na vya shule, mvilinganishe herufi kwa herufi. Vikitofautiana, kijana apate hati ya kiapo mapema. Asingoje wiki ya mwisho.

Na fedha? Kuomba Chevening hakuna malipo. Kuomba ufadhili wa Jumuiya ya Madola vilevile. Vyuo vingine hutoza ada ya maombi, nayo hulipwa chuoni kwenyewe kwa njia iliyoandikwa na chuo. Mtu akiwaambia, "Nitumieni kidogo kwa simu nimpitishe mtoto wenu," huyo ni mwizi, hata akiwa amevaa tai. Ng'ombe asitoke zizini mpaka barua ya kukubaliwa imesomwa na mtu aijuaye lugha yake na chuo chenyewe.

Baada ya hapo ni kungoja. Maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti na kufungwa Oktoba. Majibu ya mwisho hutoka karibu na Juni. Ni miezi minane. Katika miezi hiyo msimwulize kila Jumapili, "Wamesema nini?" Akipata habari atawapigia simu, na kama penu mtandao haushiki, mwambieni kabisa sasa ni jirani gani ampigie.