Mizani ya Sonara, Mizani ya Mshairi: Namba Tano za Kuimbiwa

Mshairi akisema "almasi kubwa mno", msikilizaji hubaki mkono mtupu. Akitaja uzito, jiwe humkaa kiganjani. Nasi tuna bahati: neno mizani kwetu ni chombo cha sonara na pia hesabu ya silabi. Hizi hapa namba tano, nne za Shinyanga na moja ya kututia moyo, zilizopimwa kwa mizani zote mbili.

Iliyotimia kuliko zote: 47. Oktoba 1947, mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya waridi ambayo mwenye mgodi, John Williamson, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Hesabu kwa vidole: a-ro-ba-i-ni-na-sa-ba. Mizani 8, mstari mzima wa utenzi bila neno la kujazia.

Korofi kuliko zote: 54.5. Ndizo karati za jiwe hilo kabla ya kuchongwa. "Hamsini na nne na nusu" ni mizani 10, mbili zimezidi. Usiitupe nusu! Hiyo ndiyo inayomthibitishia msomaji kwamba jiwe lilipimwa kweli. Hamisha maneno mengine, nusu ibaki.

Ndogo kuliko zote: 0.2. Karati moja ni gramu 0.2, hivyo jiwe zima lilikuwa gramu 10.9. Ngumi ya mtoto ingelificha. Udogo huo unashangaza kuliko sifa yoyote ya ukubwa.

Ndefu kuliko zote: 96,000. Shaaban Robert alitunga beti 3,000 juu ya Vita Kuu ya Pili, na miaka yenyewe, 1939 hata 1945, akaiweka kwenye jina la utenzi. Beti 3,000, mistari 4, mizani 8: zidisha. Aliyebeba mzigo huo hakuogopa tarakimu.

Kubwa kuliko zote: 300,000. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyatunza kwa ajili ya kiangazi, zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Namba kubwa kuliko zote, lakini mdomoni ni nyepesi: laki tatu, mizani 4. Nusu ya mstari imebaki wazi, na kinachofaa kuijaza kimeota chenyewe: laki tatu, nyasi tele.