Urani ya Shinkolobwe na Bomu la Hiroshima: Sababu na Matokeo ya Kutumia Silaha za Atomiki Vitani

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwezi Agosti 1945 huendeshwa mara nyingi kana kwamba una pande mbili tu: Marekani iliyoyaangusha na Japani iliyoangushiwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upo upande wa tatu, nao ni Kongo. Sehemu kubwa zaidi ya urani iliyotumiwa katika mradi wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, Katanga. Kwa hiyo swali la kwa nini silaha hizi zilitumiwa, na matokeo yake yalikuwa yapi, haliwezi kuwa geni kwa msomaji wa Bunia au wa Lubumbashi.

Hoja yetu ni kwamba bomu halikutumiwa kwa sababu moja iliyopimwa siku moja. Lilitokana na mfululizo wa maamuzi, kila mmoja ukiufanya unaofuata uwe mwepesi zaidi. Mfululizo huo ulilindwa na usiri, hata waliochimba mawe mwanzoni na waliounguzwa mwishoni wote hawakuwa na habari.

Kabla ya kuendelea, ni vyema tueleze istilahi mbili. Kwa "bomu la atomiki" tunakusudia silaha inayopata nguvu yake kutokana na kupasuka kwa viini vya atomu za urani au plutoni. Kwa "mionzi" tunakusudia nishati isiyoonekana inayotoka katika viini hivyo na kuharibu chembechembe za mwili. Baadhi ya wanaistilahi huiita mnururisho.

2.0 Mawe ya Shinkolobwe

Urani ya Shinkolobwe iligunduliwa mwaka 1915. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuichimba mwaka 1921. Wakati huo urani yenyewe haikuwa na thamani kubwa. Kilichotafutwa ni radi, madini yaliyouzwa kwa bei ghali kwa ajili ya tiba ya saratani. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, na huko radi ilitenganishwa.

Mambo yalibadilika mwishoni mwa mwaka 1938, wanasayansi wa Ujerumani walipogundua kwamba kiini cha urani kinaweza kupasuliwa. Tarehe 2 Agosti 1939 Albert Einstein alitia saini barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimwonya kwamba Ujerumani ingeweza kutengeneza bomu la aina mpya. Barua hiyo ilieleza pia kwamba chanzo muhimu kuliko vyote cha urani kilikuwa Kongo ya Wabelgiji. Kwa maneno mengine, nchi yetu ilitajwa katika hati ya kwanza kabisa iliyoisukuma Marekani kuelekea bomu.

Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, naye alikuwa ameonywa na wanasayansi wa Uingereza na Ufaransa mwaka huohuo. Baada ya Ubelgiji kutekwa mwaka 1940, aliagiza tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe zipelekwe New York, zikahifadhiwa katika ghala kisiwani Staten Island. Mwezi Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimwendea Sengier, na katika kikao kimoja kifupi alinunua akiba hiyo pamoja na tani nyingine zipatazo 3,000 zilizokuwa zimerundikwa mgodini.

Thamani ya mawe hayo haikuwa na mfano. Yaliyokuwa New York yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha asilimia 65. Baada ya vita Wamarekani walihesabu kuwa bahati njema kupata mawe yenye tatu ya kumi ya asilimia moja. Mgodi ulifunguliwa upya, na shehena zikasafirishwa kwa reli hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, kisha kwa mashua za mto Kasai hadi Léopoldville, kisha kwa reli hadi bandari ya Matadi.

Je, waliochimba walijua nini? Jina la Shinkolobwe liliondolewa katika mazungumzo ya hadharani, na matumizi ya urani yalikuwa siri hata kwa maofisa wengi wa koloni. Mchimbaji aliyebeba mawe kwa mikono yake hakuelezwa hatari ya mionzi wala mahali mzigo ulikokwenda. Wala hakuwa na nafasi ya kuuliza. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Mjini Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, askari waliwapiga risasi na makumi wakauawa. Mwaka 1942 siku za kazi ya lazima vijijini ziliongezwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Huku Ituri, dhahabu ya Kilo-Moto nayo iliingizwa katika juhudi hiyohiyo ya vita. Mwaka 1946 Sengier alitunukiwa nishani na serikali ya Marekani. Wachimbaji hawakutunukiwa chochote.

3.0 Sababu za Kutumia Bomu

Sababu zilizotolewa zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Ya kwanza ni hofu ya Ujerumani. Hii ndiyo iliyouanzisha mradi mwaka 1942. Lakini Ujerumani ilisalimu amri mwezi Mei 1945, kabla bomu halijakamilika. Kwa mantiki ya kawaida, sababu ilipokufa, mradi nao ungepaswa kuhojiwa upya. Mwanafizikia Joseph Rotblat aliuacha mradi mwishoni mwa 1944 alipotambua kwamba Ujerumani haikuwa na bomu; wenzake karibu wote walibaki. Silaha iliyobuniwa dhidi ya adui mmoja ikatafutiwa mwingine.

Ya pili ni kufupisha vita na kuokoa maisha ya askari. Mapigano ya Okinawa, kuanzia Aprili hadi Juni 1945, yalikuwa ya umwagaji damu mkubwa, na uvamizi wa visiwa vikuu vya Japani ulipangwa kuanza Novemba. Mwaka 1947 Henry Stimson, aliyekuwa waziri wa vita, aliandika kwamba uvamizi huo ungeweza kuwagharimu Wamarekani majeruhi na vifo vinavyofikia milioni moja. Hoja hii ina uzito, na haifai kuipuuza. Viongozi wa Japani walikuwa wamelikataa tangazo la Potsdam la tarehe 26 Julai, na hata baada ya Nagasaki baraza lao kuu la vita liligawanyika watatu kwa watatu, hadi mfalme Hirohito alipoamua. Hata hivyo, tume ya Marekani yenyewe iliyochunguza athari za mashambulizi ya anga ilihitimisha mwaka 1946 kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya mwisho wa 1945 hata bila bomu la atomiki na bila uvamizi.

Ya tatu ni siasa ya dunia baada ya vita. Urusi ya Kisovieti ilitangaza vita dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti 1945. Baadhi ya wanahistoria wanashikilia kwamba Marekani ilitaka kumaliza vita mapema na kumwonyesha Stalin nguvu zake. Wengine wanaiona sababu hii kuwa ya pembeni tu. Ubishi huu haujaisha.

Ya nne, ambayo kwetu ni muhimu kuliko zote, ni mkondo wa mradi wenyewe. Dola zipatazo bilioni mbili zilikuwa zimetumika. Miji ilikwisha kuzoeleka kuwa shabaha: katika usiku mmoja wa Machi 1945 mabomu ya moto yaliua watu wapatao 100,000 mjini Tokyo. Harry Truman, aliyeshika urais tarehe 12 Aprili 1945, alikuta mashine inayokwenda. Mwezi Juni wanasayansi kadhaa wa Chicago walipendekeza bomu lionyeshwe kwanza mahali pasipo watu. Kamati iliyomshauri rais ilikuwa imekwisha kupendekeza litumike bila onyo. Katika hali hiyo swali lililojadiliwa zaidi lilikuwa "litumiwe wapi na lini?", si "litumiwe au lisitumiwe?"

4.0 Matokeo

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, bomu la urani liliangushwa Hiroshima. Lilikuwa na urani iliyorutubishwa ipatayo kilo 64, na kati ya hiyo takriban kilo moja tu ndiyo iliyopasuka. Hiyo ilitosha kutoa nguvu sawa na tani 15,000 hivi za baruti. Tarehe 9 Agosti bomu la plutoni liliangushwa Nagasaki, baada ya mji uliolengwa kwanza, Kokura, kufunikwa na wingu na moshi. Kanisa kuu la Urakami, lililokuwa karibu na kitovu cha mlipuko, liliteketea pamoja na waumini waliokuwamo.

Hadi mwisho wa mwaka huo, inakadiriwa kwamba watu wapatao 140,000 walikufa Hiroshima na 70,000 Nagasaki. Wengi wao walikuwa raia. Miongoni mwao walikuwamo maelfu ya Wakorea, ambao nchi yao ilikuwa koloni la Japani, na ambao baadhi yao walipelekwa huko kufanya kazi kwa nguvu. Hapa mwanzo na mwisho wa mfululizo vinakutana: mtawaliwa wa Katanga alichimba, mtawaliwa wa Korea aliungua. Wahenga walisema: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Bomu la atomiki huua kwa njia tatu: joto, mshindo na mionzi. Mbili za kwanza zinajulikana katika silaha nyingine. Mionzi ndiyo iliyoleta jambo jipya. Watu waliodhaniwa kuwa wamenusurika walianza kunyonyoka nywele na kutokwa damu siku chache baadaye, wakafa. Saratani ya damu iliongezeka baada ya miaka michache, na saratani nyingine baada ya miongo. Baadhi ya watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao walizaliwa na vichwa vidogo na udhaifu wa akili. Kwa watoto waliotungwa mimba baadaye, uchunguzi wa miaka mingi haujathibitisha ongezeko la kasoro za kurithi. Lakini hofu hiyo ilitosha kuwafanya manusura wakataliwe katika ndoa na kazini. Kwa Kijapani wanaitwa hibakusha. Shirika lao, Nihon Hidankyo, lililoanzishwa mwaka 1956, lilipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2024.

Matokeo ya kisiasa yalikuwa mapana vilevile. Japani ilisalimu amri, lakini mashindano ya silaha yakaanza. Leo mataifa tisa yana mabomu ya nyuklia yanayokadiriwa kufikia 12,000. Kongo nayo iliachiwa urithi wake. Mwaka 1959 mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika, Trico, ulianza kazi katika Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa ya leo. Shinkolobwe ilifungwa karibu na wakati wa uhuru, lakini umaskini uliwarudisha watu humo. Mwaka 2004, serikali ikiwa imekwisha kupiga marufuku uchimbaji mahali hapo, sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo kadhaa waliokuwa wakitafuta kobalti.

5.0 Fundisho kwa Wasomaji Wetu

Mji wa Bunia uliionja vita kati ya 1999 na 2003. Dhahabu ya Mongbwalu ikawa fedha ya makundi yenye silaha, na kila kundi lilidai kwamba halikuwa na njia nyingine. Ukubwa wa mambo haya haulingani na ule wa Hiroshima, na haturuhusiwi kuyalinganisha kijuujuu. Kinachofanana ni namna ya kufikiri: kwanza adui anatajwa, kisha silaha inatafutwa, kisha silaha yenyewe inakuwa sababu ya kutumiwa. Mtu anayetaka kuuvunja mnyororo huo hana budi kuuvunja mapema, kwa kuwa pete za mwisho ni ngumu kuliko za kwanza.

Sheria imejaribu kufanya hivyo. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, umelifanya bara la Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha hizo ulipitishwa mwaka 2017 na kuanza kutumika mwaka 2021. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliuridhia mwaka 2022. Mataifa yenye mabomu hayakujiunga nao. Hata hivyo, ridhaa ya Kongo ina maana ya pekee: nchi iliyotoa mawe bila kuulizwa sasa imetamka neno lake.

6.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba sababu za kutumia bomu la atomiki zilikuwa nyingi, na kwamba iliyouanzisha mradi siyo iliyoukamilisha. Tumeonyesha pia kwamba matokeo yake hayakuishia katika miji miwili ya Japani. Usiri ndio ulioziunganisha hatua zote. Nao hufanikiwa zaidi pale ambapo watu hawana hata maneno ya kuulizia. Mchimbaji wa Shinkolobwe hakuwa na neno la mionzi katika lugha aliyoizungumza kazini, ambayo kwa wengi ilikuwa Kiswahili. Sisi tunalo. Wajibu wa wanafunzi na walimu wa Kiswahili ni kulitoa neno hilo katika kamusi na kulipeleka kwenye migodi, shule na masoko, ili anayebeba jiwe ajue lina nini ndani yake na linakwenda wapi.