KUNG'OA VISIKI: SULULU AU MTAMBO?

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkulima wa Masha, katika wilaya ya Isingiro iliyomegwa kutoka Mbarara mwaka 2006, anaufahamu msemo huo kwa mgongo wake. Akiisha kukata mikalitusi na kuuza nguzo, hubakiwa na visiki. Na shamba la visiki halifai kwa migomba. Mzigo huo humkabili pia mkimbizi wa Nakivale anayefungua kipande alichopewa alime, na askari mstaafu anayekirudia kiwanja alichokipanda miti alipokuwa kazini.

Mkalitusi haufi kwa kukatwa. Kisiki chake huchipua, na machipukizi hunyonya maji ya mazao. Kukichimba kwa sululu, shoka na mtaimbo huweza kumaliza siku nzima. Ndiyo maana katika nchi nyingi hutumika katapila dogo la kuchimbia, lenye uzito wa tani chache, linaloweza kupita penye nafasi finyu.

Katapila hilo hubadilishiwa zana kwenye ncha ya mkono wake. Ya kwanza ni jino moja nene lililopinda, lifungwalo mahali pa koleo la udongo. Jino hukata mizizi mmoja mmoja kuzunguka kisiki, kisha koleo hurudishwa kukiinua. Ya pili ni mkasi mkubwa usukumwao kwa shinikizo la mafuta. Hupasua kisiki vipande ili kitoke kwa urahisi. Ya tatu ni gurudumu lenye meno, linalokisaga kisiki kuwa chenga. Hili haliachi shimo kubwa, ila mizizi hubaki ardhini.

Hata hivyo, nguvu ya mtambo peke yake haitoshi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga huko Kongwa, Tanganyika. Yaliletwa matingatinga yaliyotumika vitani, na hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta. Lakini mizizi ya vichaka na udongo mgumu viliyashinda mengi. Vipuri vikakosekana, na mafundi hawakutosha. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea. Walioagiza mitambo hawakuwa wameipima ardhi kwanza.

Basi mwenye shamba naye apime kwanza. Kama visiki ni viwili au vitatu, sululu yatosha. Kama ni vingi, majirani washirikiane kukodi mtambo, wavitie alama vyote na kufyeka njia mapema, maana mtambo unaosubiri nao hulipiwa. Asiye na fedha aendelee kukata machipukizi kila yanapotokea. Hatimaye kisiki huchoka, kikafa na kuoza. Kwenye miteremko njia hii ya pole pole ndiyo bora, kwa kuwa mizizi huushika udongo usichukuliwe na mvua.

Kazi ya kung'oa ifanywe wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba au za Machi. Mashimo yafukiwe siku ile ile, wasije wakatumbukia watoto na mifugo. Mtambo unapofanya kazi, watu wote wakae mbali: mzizi uliovutwa hukatika ghafla na kurusha mawe, na katapila dogo laweza kupinduka likivuta kisiki kilicholizidi nguvu.

Mama wa nyumbani naye asidhani kuwa kisiki ni taka. Kikipasuliwa, kikakung'utwa udongo na kuanikwa juani, ni kuni za kudumu jikoni, naye huepuka mwendo mrefu wa kutafuta kuni.

Askari aliyelitumikia taifa miaka mingi hupewa kiinua mgongo ili aishi kwa heshima. Haifai kiishie chote kwenye mashimo ya visiki, wala haifai mgongo wenyewe uvunjike kwa kuogopa kukodi. Ahesabu visiki vyake kwanza, ndipo aamue.