Kabla ya Kununua Gari Kubwa, Pima Maji

Je, msomaji, biashara yako ya kuosha mazulia na makochi nyumba kwa nyumba imekua hata kigari cha kwanza hakitoshi? Hongera! Lakini usivutiwe na urefu wa gari pekee.

Tuseme unatoka Mayoni kuwahudumia wateja wa Mumias na Bungoma. Lita moja ya maji ina uzani wa kilo moja. Tangi la lita 1,000 basi ni tani nzima, na Hiace nyingi za mizigo hubeba takriban tani moja tu. Bado hujapakia jenereta, mashine, sabuni wala vijana wako wawili. Ukizidisha, springi huchoka, matairi hupasuka na breki huchelewa kushika.

Tangi lililojaa nusu nalo lina hatari yake: maji huyumba kwenye kona na kulivuta gari. Nunua lenye vizuizi ndani, ulifunge imara. Penye mfereji au kisima, beba lita 300, ujaze huko huko.

Muuzaji atakuapia kuwa gari lake hubeba chochote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! Soma mwenyewe uzani ulioandikwa kwenye bamba la gari, ndipo ulipe.