Kuainisha si Kubagua: Lugha na Uainishaji wa Majeruhi Katika Maafa Makubwa

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Hawakusema, hata hivyo, kwamba ajali haina matayarisho. Makala haya yananuia kufafanua jinsi wahudumu wa dharura wanavyoamua ni majeruhi yupi ahudumiwe kwanza pindi maafa yanapozidi uwezo wao, na kuonyesha nafasi ya lugha katika uamuzi huo.

Tuchukue mfano wa Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Bomu liliporipuka penye ubalozi wa Marekani, jumba jirani la Ufundi liliporomoka. Watu zaidi ya 200 walifariki na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao kwa vipande vya vioo. Wananchi waliwapakia majeruhi katika matatu na magari ya kibinafsi wakawakimbiza hospitalini. Huo ulikuwa utu wa kusifiwa. Lakini katika maafa ya aina hii, aghalabu anayeweza kutembea ndiye hutangulia kufika hospitalini. Aliyelala kimya chini ya kifusi hufika mwisho, akakuta vitanda vimejaa. Uainishaji hukusudia kuugeuza mpangilio huo.

Misingi ya Uainishaji

Wazo lenyewe ni kongwe. Dominique-Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon, alishikilia kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza bila kujali cheo chake. Miongoni mwa taratibu zinazotumika leo ni START, iliyobuniwa California mwaka 1983, ambayo huwagawa majeruhi kwa rangi nne.

Kwanza, mhudumu hupaza sauti: "Anayeweza kutembea aje hapa!" Wanaoitika hupewa rangi ya kijani. Kisha humwendea kila aliyebaki, naye hatumii zaidi ya dakika moja kwa mtu mmoja. Asiyepumua hufunguliwa njia ya hewa. Akianza kupumua hupewa nyekundu, asipopumua hupewa nyeusi. Aidha, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mpigo wa mshipa kwenye kifundo cha mkono, au asiyeweza kutii agizo jepesi, hupewa nyekundu. Waliosalia ni manjano. Tiba katika hatua hii ni kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayovuja kwa wingi, basi.

Nafasi ya Lugha

Msomaji makini atakuwa ametambua kwamba vipimo viwili kati ya hivyo ni vya lugha. Majeruhi akiamrishwa "finya mkono wangu" kwa lugha asiyoielewa, atadhaniwa amepoteza fahamu, na nafasi ya mwingine itachukuliwa bure. Vivyo hivyo kwa kiziwi, au aliyezibwa masikio na mlipuko. Hivyo basi, maagizo haya yanafaa yaandaliwe mapema kwa Kiswahili chepesi, yaambatane na ishara za mikono, na yafanyiwe mazoezi.

Vilevile, mzazi ambaye mtoto wake amefungwa kitambulisho cha manjano atauliza: "Mbona mnambagua mwanangu?" Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kuambiwa usubiri si kunyimwa. Hali ya majeruhi hukaguliwa tena na tena, na rangi hubadilishwa inapobidi. Lakini mhudumu asiye na neno la kulieleza hilo ataonekana katili. Ndiyo maana twapendekeza "kuainisha", wala si "kuchagua", neno linaloashiria upendeleo.

Hitimisho

Matayarisho ya maafa si machela na dawa pekee. Ni pia kujua mapema majeruhi wa rangi ipi apelekwe hospitali ipi, na kwa maneno gani. Wanaisimu na wahudumu wa dharura wangali wanatembea njia mbili. Wakutane sasa, kwani siku ya maafa hapatakuwa na muda wa kutafuta istilahi. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.